Asili ya Sayari: Ni Ajali au Ni Desturi?

Ziko sayari tano ambazo mwenye macho mazima huziona bila darubini: Utaridi, Zuhura iitwayo pia nyota ya alfajiri, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Nyingine mbili, Uranusi na Neptuni, zilivumbuliwa kwa darubini mwaka wa 1781 na mwaka wa 1846. Pamoja na dunia yetu zatimia nane, na zote hulizunguka jua. Mwendo wao wajulikana sana, hata siku na saa ya kupatwa kwa jua hutangazwa miaka mingi kabla. Lakini kuijua njia ya mtu si kujua alikozaliwa. Je, sayari hizi zilizaliwaje?

Watu wa elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, wameshindana juu ya swali hili kwa muda wa miaka zaidi ya 270, nao hawakushindana bure. Maana ikiwa sayari zilizaliwa kwa ajali, yaani kwa tukio ambalo ni nadra kutukia, basi karibu nyota zote tuzionazo usiku ni tasa, na dunia ni kama kisiwa kimoja katika bahari isiyo na kisiwa kingine. Bali ikiwa zilizaliwa kwa desturi, yaani kwa njia ileile ipitwayo na kila nyota katika kuzaliwa kwake, basi sayari zi nyingi kama nyota zenyewe. Haya ndiyo yaliyokuwa yakiamuliwa.

Mashahidi wanne

Mwamuzi mwema hakati shauri kabla ya kusikia mashahidi. Katika shauri hili wako wanne, na kila nadharia haina budi kupatana nao wote, si mmoja wala wawili.

Shahidi wa kwanza ni mwendo. Sayari zote nane hulizunguka jua kwa upande mmoja, nalo jua lenyewe hujizungusha kwa upande huohuo. Shahidi wa pili ni njia. Njia za sayari hazikupandana ovyo, bali zimelala karibu katika usawa mmoja, kama duara zilizochorwa juu ya sinia. Shahidi wa tatu ni maumbile. Zilizo karibu na jua, yaani Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, ni ndogo, tena ni za mawe. Zilizo mbali, yaani Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni, ni kubwa mno, nazo zimejaa gesi na barafu. Shahidi wa nne ni nguvu ya mzunguko, naye tutamsikia baadaye, kwa kuwa ndiye aliyewavunja moyo wataalamu wengi.

Wingu la Kant na Laplace

Mwaka wa 1755, katika mji wa Königsberg, kijana wa miaka kama 30 jina lake Immanuel Kant alitoa kitabu pasipo kutia jina lake. Alisema kwamba hapo mwanzo vitu vyote vya jua na sayari vilitawanyika angani kama wingu la vumbi. Nguvu ya uvutano ilivikusanya: vilivyo vingi vikawa jua katikati, na vilivyobaki vikizunguka vikawa sayari.

Hata mwaka wa 1796, Mfaransa mmoja, Pierre-Simon Laplace, bingwa mkubwa wa hesabu, akaandika jambo linalofanana na hilo kwa namna yake. Alisema kwamba jua changa lilikuwa limevimba kwa moto, likaenea kupita hata njia ya sayari iliyo mbali kuliko zote. Lilipopoa lilisinyaa, na katika kusinyaa likazidi kuzunguka kwa kasi, hata ukingo wake ukaacha nyuma pete ya gesi, kisha pete nyingine, kisha nyingine. Kila pete ilijikusanya ikawa sayari.

Nadharia hii iliwapendeza watu muda wa miaka mia nzima, kwa kuwa shahidi wa kwanza na wa pili waliikubali mara moja. Vitu vilivyotoka katika wingu moja lizungukalo, ni lazima viende upande mmoja na kulala katika usawa mmoja. Tena kwa nadharia hii, kuzaliwa kwa sayari ni desturi.

Deni la jua

Ndipo aliposimama shahidi wa nne. Mtoto akifunga jiwe kwa uzi na kulizungusha, kisha akauvuta uzi uwe mfupi, ataona kuwa kadiri uzi unavyofupika, ndivyo jiwe linavyozidi kwenda mbio. Kitu kizungukacho kina akiba ya mzunguko, na akiba hiyo haipotei yenyewe. Kikisinyaa, huzidi kasi. Kikitaka kuipunguza akiba yake, hakina budi kumpa mwingine.

Basi wingu la Laplace liliposinyaa na kuwa jua, jua lilipasa kuwa na akiba kubwa na kuzunguka mbio sana. Lakini sivyo lilivyo. Jua lina zaidi ya sehemu 99 katika kila 100 za vitu vyote, walakini katika akiba ya mzunguko sehemu yake haifiki 2 katika 100. Mshtarii peke yake ina sehemu kama 60. Jua hujizungusha polepole, mara moja kwa siku kama 25, hali lingekuwa na akiba yote lingejizungusha kwa saa chache tu. Ni kama tajiri ambaye mashamba yote ni yake, lakini kisanduku chake cha fedha ni kitupu, na fedha zote zi mikononi mwa watoto wake wadogo. Nani alizigawa, na kwa njia gani?

Mwaka wa 1861 Mfaransa Jacques Babinet aliifanya hesabu hiyo, akaona kuwa haipatani na nadharia ya Laplace. Tena wengine waliona kuwa pete ya gesi haina sababu ya kujikusanya iwe sayari moja. Yaelekea zaidi kutawanyika. Ilipofika mwaka wa 1900, wingu lilikuwa limekwisha kuachwa na wengi.

Nyota mpita njia

Wakageukia ajali. Neno hilo lilikuwa la zamani. Mwaka wa 1749 Mfaransa Buffon alisema kwamba kometi, yaani nyota yenye mkia, iligonga jua na kurusha vipande vilivyokuwa sayari. Katika siku zake watu walidhani kometi ni kitu kizito sana. Leo twajua kuwa sivyo: mwaka wa 1986 chombo kiitwacho Giotto kilipita karibu na kometi ya Halley, na kiini chake kilionekana kuwa na urefu wa kilomita kama 15 tu. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kutoa Mshtarii jikoni mwa jua.

Lakini nyota ni nzito. Mwaka wa 1905, Wamarekani wawili wa Chicago, Thomas Chamberlin na Forest Moulton, walisema kwamba zamani nyota nyingine ilipita karibu na jua. Kama vile mwezi uvutavyo maji ya bahari yakajaa na kupwa, ndivyo nyota hiyo ilivyovuta gesi ya jua ikatoka nje, ikapoa, ikawa vipande vidogo vilivyoungana kuwa sayari. Kisha Waingereza wawili, James Jeans katika mwaka wa 1917 na Harold Jeffreys baada yake kidogo, wakasema kwamba gesi ilitoka kama utepe mmoja mrefu, mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili. Kwa hiyo sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, zimekaa katikati, na ndogo zimekaa pembeni. Maelezo hayo yalipendeza macho, yakaingia katika vitabu vya shule vya miaka ya 1920 na 1930.

Hapo ndipo upweke ulipoingia. Tuseme jua lingekuwa na ukubwa wa chungwa, nalo chungwa hilo limewekwa Mombasa. Nyota iliyo jirani ya karibu kuliko zote ingekuwa mbali kama kilomita 2,000, yaani karibu na Kananga katika Kongo. Machungwa mawili yaliyo mbali hivyo yatakutana lini? Jeans mwenyewe alikiri kuwa mkutano kama huo ni nadra mno. Kwa muda wa miaka kama 30, msomaji wa vitabu vya elimu alifundishwa kwamba jua letu ni karibu peke yake lenye watoto, na kwamba lilipata watoto hao kwa bahati ya njiani.

Utepe wakatika

Nadharia hii nayo haikuokoka na hesabu. Mwaka wa 1935 Mmarekani Henry Norris Russell alionyesha kuwa nyota ipitayo haiwezi kuipa gesi akiba ya mzunguko ya kutosha. Gesi ingerudi juani au ingekaa karibu nalo sana, wala isingefika ilipo Mshtarii. Shahidi wa nne, ambaye ndiye aliyeiangusha nadharia ya wingu, akaiangusha na hii. Kisha mwaka wa 1939 Lyman Spitzer, naye Mmarekani, akaleta hesabu ya joto. Gesi itokayo ndani ya jua ina moto mkali mno. Ikitolewa nje haigandi kama samli katika kibuyu. Hulipuka na kutawanyika angani kabla haijapata nafasi ya kupoa.

Wengine walijaribu kuiokoa ajali kwa kuibadili sura. Mwingereza Raymond Lyttleton alisema mwaka wa 1936 kwamba jua lilikuwa na nyota mwenzake, na mwenzake huyo ndiye aliyepatwa. Fred Hoyle, Mwingereza mwingine, akasema mwaka wa 1944 kwamba mwenzake alipasuka, na masazo yake ndiyo sayari. Mwaka wa 1964 Michael Woolfson akasema kwamba jua lilivuta utepe, si kutoka katika nyota iliyokomaa yenye moto, bali kutoka katika nyota changa iliyo baridi bado. Hivyo aliiponya nadharia na ugonjwa alioutaja Spitzer. Woolfson aliitetea nadharia yake kwa miaka mingi, lakini wataalamu wengi hawakumfuata.

Wingu larudi

Katika miaka hiyohiyo ya 1940, lile wingu lililokataliwa lilianza kuokotwa tena. Hannes Alfvén wa Uswidi alionyesha njia ambayo jua lingeweza kugawa akiba yake. Jua lina nguvu ya sumaku. Lilipokuwa changa nguvu hiyo ilikuwa kali, ikaishika gesi yenye umeme iliyotoka juani, na gesi ile ilipokwenda mbali ikachukua mzunguko pamoja nayo, kama mtu anyoshaye mikono apate kupunguza kasi. Jambo hili limethibitika kwa kutazama nyota nyingine: zilizo changa huzunguka mbio, na zilizozeeka huzunguka polepole. Fumbo la kisanduku kitupu likapata jawabu kubwa.

Carl Friedrich von Weizsäcker wa Ujerumani aliandika upya habari za wingu la gesi na vumbi. Huko Urusi, Otto Schmidt alifundisha tangu mwaka wa 1944 kwamba jua lilipata wingu lake kwa kulinyakua njiani. Mwanafunzi wake, Viktor Safronov, aliliacha lile la kunyakua, lakini akaendelea na vumbi; mwaka wa 1969 alitoa Moscow kitabu kidogo cha hesabu kilichokuwa msingi wa kazi ya wengi baada yake.

Maneno ya Safronov, mwenye Kiswahili atayafahamu upesi: haba na haba hujaza kibaba. Chembe za vumbi hugusana na kushikana. Vipande huwa vijiwe, vijiwe huwa miamba ya kilomita nzima, na miamba huvutana na kugongana hata zikapatikana sayari. Karibu na jua palikuwa na joto, barafu haikukaa, ikabaki mawe na chuma. Ndiyo sababu sayari za huku ni ndogo. Mbali kulikuwa na baridi, barafu ikawa tele, na sayari zikakua hata zikaweza kuvuta gesi. Shahidi wa tatu naye akaridhika.

Yaliyoonekana kwa macho

Hata hapo, wote walikuwa wakinena juu ya jambo ambalo hakuna aliyeliona. Mwaka wa 1984 ilipigwa picha ya nyota iitwayo Beta Pictoris, ikaonekana imezungukwa na sinia la vumbi. Mwaka wa 2014 darubini za ALMA, katika jangwa la Atacama huko Chile, zilitoa picha ya HL Tauri, nyota changa yenye umri wa miaka kama milioni 1. Sinia lake lina pete ang'avu na mifuo ya giza kati yake, na wataalamu wengi hudhani kuwa mifuo hiyo hulimwa na sayari zinazokua. Mwaka wa 2018 ikapigwa picha ya sayari changa ndani ya sinia la nyota PDS 70.

Na kuhusu upweke, jawabu lilianza kuja mwaka wa 1995. Michel Mayor na Didier Queloz, watu wa Uswisi, walivumbua sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, ambayo yafanana na jua letu. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Tangu hapo zilivumbuliwa nyingine kwa mamia, kisha kwa maelfu. Mwezi wa Machi 2022 hesabu ilipita 5,000. Nyota si tasa. Kuzaa sayari ni desturi yao.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi. Katika nchi ya Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa mita kama 3 na uzito wa tani kama 16. Wataalamu husema kwamba vimondo vya chuma kwa kawaida ni mabaki ya viini vya miamba ya kale, iliyokua kiasi cha kuyeyuka ndani, chuma kikazama katikati, kisha ikagongwa na kuvunjika. Mtu akiweka kiganja chake juu ya kimondo kama hicho, agusa tofali la jengo ambalo halikumalizika. Na vimondo vya mawe, kama kile kilichoanguka Allende huko Mexico mwaka wa 1969, vina chembe nyeupe ambazo umri wake umepimwa kuwa miaka milioni 4,567. Hakuna kitu kilichofanyika pamoja na jua letu ambacho umri wake uliopimwa wazidi huo.

Mashauri yasiyokwisha

Msidhani kwamba ubishi umekoma. Sayari ya 51 Pegasi ni kubwa karibu nusu ya Mshtarii au zaidi, nayo huimaliza njia yake kwa siku 4 na kitu, kwa kuwa iko karibu mno na nyota yake. Sayari kubwa haikutazamiwa kuzaliwa katika joto namna hiyo. Kwa hiyo wengi wasema kwamba sayari huhama: huzaliwa mbali na kusogea. Mwaka wa 2005 wataalamu waliokutana katika mji wa Nice, Ufaransa, walitoa nadharia kwamba hata Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni hazikuzaliwa pale zilipo leo.

Tena kuna ubishi juu ya Mshtarii. Gesi ya sinia haidumu ila miaka milioni chache. Je, haba na haba yaweza kujaza kibaba kikubwa hivyo kwa muda mfupi? Mmarekani Alan Boss alisema mwaka wa 1997 kwamba sayari kubwa zaweza kupatikana kwa njia ya upesi: sinia zito na baridi humeguka lenyewe, na kila donge hujikunja likawa sayari. Wengi hushika njia ya polepole kwa Mshtarii, lakini hukubali kuwa mahali pengine njia ya upesi yaweza kuwa ndiyo.

Wala ajali haikufukuzwa kabisa. Zuhura hujizungusha kinyume, na Uranusi imelala ubavu. Wengi hudhani ni kwa sababu ya misukosuko ya utoto wao. Na mwezi wetu, kwa nadharia iliyotolewa katika mwaka wa 1975 na 1976 na kukubaliwa na walio wengi, ulitoka katika vipande vilivyoruka wakati dunia changa ilipogongwa na kitu chenye ukubwa kama wa Mirihi. Basi desturi ilizizaa sayari, na ajali ikampa kila mmoja sura yake.

Neno kwa walimu

Mwalimu afundishaye habari hizi asitoe jawabu tupu ili watoto walikariri. Awape kwanza mashahidi wanne. Awape uzi na jiwe, wajionee akiba ya mzunguko kwa mikono yao. Kisha awaulize: nadharia ya Laplace yapatana na nani, na inaanguka kwa nani? Na ya Jeans je? Mtoto aliyefanya hivyo hatajua tu kwamba wingu lilishinda, atajua na sababu ya kushinda.

Tena awaonyeshe jambo hili. Laplace alikuwa bingwa, na Jeans alikuwa bingwa, wala sifa ya mmoja wao haikuiokoa nadharia yake siku hesabu ilipokuja. Walakini kazi yao haikupotea. Wingu la Kant lilirudi likiwa limetengenezwa, na vile vipande vidogo vya Chamberlin na Moulton, vilivyowekwa katika nadharia iliyoanguka, ndivyo vilivyo leo katikati ya nadharia iliyosimama. Mjenzi mwenye akili akibomoa nyumba mbovu, hatupi matofali mazima.